Gesi ya Lindi na oveni ya mikate ya Majengo

Swali: «Mhandisi, habari za kazi. Nina mkahawa mdogo na oveni ya mikate hapa Majengo, Moshi. Kwa wiki natumia mitungi miwili ya kilo 38. Msimu wa baridi, Juni na Julai, naona inaisha haraka zaidi. Mara nyingine mtungi unakataa kutoa moto, na ukiutikisa unasikia kabisa kitu kinacheza ndani. Miaka yote tunaambiwa nchi yetu ina gesi nyingi na kwamba Lindi kitajengwa kiwanda cha LNG, cha kuigeuza gesi iwe maji. Mdogo wangu yuko Dar, anaendesha bajaji ya gesi. Naomba unieleze: hiyo gesi itafika Moshi lini? Kwa nini tuigeuze maji tuwauzie wageni wakati sisi wenyewe tunanunua gesi kwa bei hii? Na je, niuze oveni yangu ya gesi ninunue ya umeme?»

Jibu: Mama, salamu nyingi kutoka Arusha. Nitaanza na huo mtungi unaokataa moto, ingawa wewe umeutaja kwa kupita tu, kwa sababu ukishauelewa, habari ya Lindi itakuwa nyepesi.

Hicho kinachocheza ndani ni gesi yako ikiwa bado kimiminika. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili hukubali kuwa kimiminika kwa kushindiliwa tu, katika joto hili hili la kawaida. Ukifungua koki, mgandamizo unapungua, kimiminika kinaanza kuchemka, na mvuke wake ndio unaopita kwenye regulata na mpira hadi kwenye oveni. Sasa, kuchemka kunataka joto, na chini ya mtungi hakuna moto. Joto hilo linanyonywa kutoka kwenye kimiminika chenyewe, kwenye chuma na kwenye hewa inayouzunguka. Jiko la nyumbani linavuta kidogo kidogo, mtungi unawahi kujifidia. Oveni ya mikate inavuta kwa mkupuo, tena kwa saa nyingi. Alfajiri unapooka, hebu pitisha kiganja kwenye mtungi kuanzia juu kwenda chini: utakuta mahali baridi inapoanzia ghafla, na hapo ndipo usawa wa kimiminika ulipo. Chini ya mstari huo kuna umande, na asubuhi za Julai unaweza kukuta utando mweupe wa barafu.

Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hiyo ndiyo inayotangulia kutoka. Butani huchemka karibu kabisa na nyuzi sifuri. Mtungi ukishapoa kufikia hapo, butani inabaki imetulia chini, moto unakuwa mdogo, na wewe unamwita kijana alete mtungi mwingine. Kilo zinazorudi dukani ndani ya ule wa zamani umeshazilipia. Kwa hiyo kabla hujaurudisha, upime. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma, kwenye kola karibu na koki; chochote kinachozidi hapo ni gesi yako. Mizani muuzaji anatakiwa awe nayo, usione aibu kuidai.

Tiba yake si kuulaza mtungi wala kuusogeza karibu na jiko la mkaa, kama nilivyoona kwenye baadhi ya mikahawa. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye mpira, na moto utakaotoka huko hutaudhibiti. Mwambie fundi aunganishe mitungi yako miwili kwa pamoja, yote ifunguliwe kwa wakati mmoja, kila mmoja utoe nusu. Hapo hakuna unaopoa kupita kiasi. Mitungi ikae nje, palipo wazi, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye vishimo.

Sasa chukua habari hiyo hiyo uipeleke Lindi.

Gesi iliyopo Songo Songo, Mnazi Bay na kwenye bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara ni methani karibu tupu. Methani ina ubishi wake: katika joto la kawaida, hata uishindilie namna gani, haiwi kimiminika. Mpaka uipoze kupita nyuzi 82 chini ya sifuri ndipo mgandamizo unaweza kuifanya lolote, na ukitaka ikae kimiminika bila kushindiliwa, uishushe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikifika hapo ujazo wake unapungua mara 600 hivi. Gesi ya kujaza mapipa matatu ya lita 200 unaitia kwenye chupa ya lita moja. Hiyo ndiyo LNG, na faida yake ni hiyo moja tu: inasafiri. Katika kuchoma haina chochote cha ziada. Ikifika inakokwenda inapashwa moto, mara nyingi kwa maji ya bahari, inarudi kuwa gesi ile ile na kuingizwa kwenye bomba.

Kwa hiyo mtungi wako na gesi ya Lindi havina undugu wa karibu. Nchi kama Algeria au Nigeria huweza kujaza mitungi kutokana na gesi yao kwa sababu visima vyao hutoa methani ikiwa imechanganyika na propani na butani ya kutosha. Ya kwetu wataalamu huiita gesi kavu. Ukichuja hupati cha maana cha kutia mtungini. Hata kiwanda cha Lindi kikianza kazi, mtungi wa kilo 38 utaendelea kutoka ng'ambo kwa meli, kushushwa Dar es Salaam au Tanga, na kupanda kwa lori kupitia Korogwe na Same. Bei yake nayo huanzia huko huko. Soko la ukanda huu hufuata bei rejea za propani na butani ambazo Saudi Aramco huzitangaza kila mwezi, kisha zinaongezeka nauli ya meli, dola, ghala, lori na faida ya kila mkono. Ukisikia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imetangaza bei kikomo mwanzoni mwa mwezi, ujue zile ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Umeuliza kwa nini tuigeuze maji tuwauzie wageni. Watu wengi wanauliza hivyo kwa hasira, na hasira yenyewe ina haki yake, ila hesabu zinaelekea upande mwingine.

Serikali hutaja kiasi cha gesi kilichogunduliwa nchini kuwa futi za ujazo trilioni 57.54. Kati ya hizo, kama trilioni 47 ziko bahari kuu, kilomita 100 hivi kutoka pwani, chini ya maji yenye kina kinachozidi mita 1,000, na kwingine zaidi ya 2,000. Si gesi ya kuifikia kwa pampu na bomba la mkopo mdogo. Huku nchi kavu na pembeni mwa bahari tayari tunayo Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kupeleka gesi Dar mwaka 2004, na Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la Mtwara hadi Dar, lenye uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Matumizi ya nchi nzima kwa miaka yote hii hayajafika hata nusu ya uwezo huo. Tuchukulie kwamba yangefika nusu. Kwa mwaka ingekuwa futi za ujazo trilioni 0.14. Sasa gawanya hizo trilioni 47 za bahari kuu. Hata ukitoa ile sehemu ambayo haichimbiki, unapata zaidi ya miaka 200.

Nani atazamisha mabilioni ya dola kwenye maji ya kilomita mbili kwenda chini ili alipwe kidogo kidogo kwa miaka 200? Hakuna. Ndiyo maana LNG inaingia. Kiwanda kilichokusudiwa Likong'o, Lindi, kimekuwa kikitajwa kuwa cha tani milioni 10 kwa mwaka, na kiasi hicho kinameza takriban nusu trilioni ya futi za ujazo kila mwaka. Mnunuzi wa nje ndiye anayefanya kisima kichimbwe. Gesi ya ndani hupata nafasi ya kudandia mabomba ambayo mwingine ameyalipia, kwa sharti kwamba mkataba umeandikwa vizuri. Sera ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 inasema soko la ndani lipewe kipaumbele. Mimi hapo ndipo ninapokaza macho, kuliko kwenye kelele za «wanatuibia»: sehemu ya ndani ni asilimia ngapi, itatolewa wapi, na kwa bei gani. Gesi ya ndani inayouzwa kwa bei ya soko la nje, kama la Japani, haimsaidii mtu wa Moshi hata ikipita mlangoni kwake.

Kuhusu gharama, makadirio yaliyozoeleka ni dola bilioni 42. Kwa kulinganisha, Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, liligharimu karibu shilingi trilioni 6.5, mradi wa Lindi ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Fedha zinaliwa na baridi. Gesi ikitoka kisimani huwezi kuipoza hivi hivi. Kwanza unaondoa maji na hewa ya ukaa, maana vyote viwili huganda na kuziba mirija. Unaondoa zebaki pia, hata ikiwa chembe, kwa sababu inakula aluminiamu ya vipozeo. Ndipo unaipitisha kwenye mitambo ya kupoza, inayoendeshwa na mashine kubwa zinazochoma gesi hiyo hiyo. Katika kila sehemu kumi za gesi iliyoingia kiwandani, karibu moja hutumika humo ndani kuwapoza wenzake.

Halafu kuna chuma. Chuma cha kawaida, kile cha geti lako, kikifikishwa kwenye baridi ya namna hiyo kinavunjika kama kigae. Somo hilo lilipatikana kwa damu. Oktoba 1944, mjini Cleveland, Marekani, tangi la LNG lililotengenezwa kwa chuma chenye nikeli kidogo lilipasuka. Kimiminika kikamwagika mitaani, kikaingia kwenye mifereji ya maji taka, kikashika moto. Watu wapatao 130 walikufa. Biashara hii ilisinzia kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 1959 meli ya Methane Pioneer ilivusha mzigo wa majaribio kutoka Louisiana hadi kisiwa cha Canvey, Uingereza, na mwaka 1964 Algeria ikaanza kuuza kwa mkataba wa kudumu. Leo matangi hujengwa kwa chuma chenye nikeli asilimia 9, kuta mbili, katikati kizuizi cha joto. Meli ya kawaida ya sasa inabeba mita za ujazo 174,000, na hata hivyo kila siku sehemu ndogo ya mzigo, kama moja ya elfu, inachemka. Hawaitupi, injini za meli zinaitumia kama mafuta.

Nimeyarefusha haya makusudi, mama, ili uone kwa nini LNG haifai kuuzwa kwenye mtungi kama wako. Ule umande ulioupapasa kwenye mtungi wako ni wa kimiminika kinachochemka karibu na sifuri. Kinachochemka kwenye 162 chini ya sifuri ukikiweka stoo Majengo, kitakuwa kimekwisha kabla hujapata sababu ya kukitumia.

Lini basi? Gesi ya bahari kuu ilianza kugunduliwa mwaka 2010. Msumbiji walianza kugundua ya kwao mwaka huo huo, na meli yao ya kwanza ya LNG iliondoka kwenye kiwanda kinachoelea cha Coral Sul Novemba 2022. Sisi Juni 2022 tulisaini makubaliano ya awali na kampuni za Shell na Equinor, Mei 2023 ikatangazwa kuwa mazungumzo yamekamilika, na mwaka huo ukaisha, na uliofuata nao ukaisha, bila mkataba wa nchi hodhi, yaani ule mkuu kati ya serikali na wawekezaji, kusainiwa. Ukishasainiwa unafuata usanifu wa kina, kisha wawekezaji wanakaa kuamua kama wanatia fedha kweli, kisha ujenzi, ambao kwa kiwanda kipya cha ukubwa huo si chini ya miaka minne au mitano. Kwa hiyo mtu akikuambia mwaka wa gesi ya Lindi, muulize anahesabu kuanzia saini ipi. Wewe usipange biashara yako kwa kuusubiri.

Tukiangalia njia za kufika Moshi, naziona tatu, na hazilingani.

Bomba ndilo watu wanaloliota, na ndilo lililo mbali zaidi. Tarehe 4 Mei 2021 Tanzania na Kenya zilisaini Nairobi hati ya makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa. Likijengwa litafuata pwani kupitia Tanga. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 350 hivi, na bomba la kupandisha huko halijengwi kwa ajili ya majiko. Linajengwa pakiwa na kiwanda kikubwa au mtambo wa umeme wa kunywa gesi usiku na mchana. Dar wenyewe, ambako bomba liko mlangoni tangu 2004, nyumba zilizounganishwa bado ni za kuhesabu, pale Mikocheni, Mlalakuwa na maeneo ya Chuo Kikuu.

Lori ni habari tofauti kidogo. Bajaji ya mdogo wako inatumia methani iliyoshindiliwa mara 200 ya mgandamizo wa hewa, bila kupozwa. Angalia tangi lake lilivyo zito: lori la gesi ya namna hiyo kwa kiasi kikubwa linabeba chuma. Kwa safari fupi hesabu inakubali. Kwa kilomita 560 za Dar hadi Moshi inakuwa ngumu. LNG ndogo ndogo, yaani kiwanda kidogo cha kupoza kilichokaa kando ya bomba la Dar na malori ya matangi ya baridi, ndiyo inayoweza kupanda huku. Uchina wana maelfu ya malori ya namna hiyo. Lori moja hubeba kama tani 18. Wewe kwa mwaka unatumia kama tani nne za gesi ya mtungi, kwa hiyo lori moja lingekutosha zaidi ya miaka minne, nayo LNG haingojei miaka minne. Mteja wake ni mwenye boila inayowaka kila siku: viwanda vya bia vya Arusha na Moshi, viwanda vya nguo, hospitali kubwa, hoteli zenye vyumba vingi. Kiwanda cha sukari cha TPC hapo chini huenda wasiitake hata kwa bei nzuri, wanachoma makapi ya miwa yao wenyewe na kupata mvuke na umeme. Wateja wakubwa wanne au watano wakikubaliana kwenye kituo kimoja, vibomba vidogo vya kwenda kwa wenye oveni kama wewe vinaweza kuchomoza hapo. Siku hiyo ikifika, fundi itabidi abadilishe nozeli za oveni yako, kwa sababu methani kwa ujazo ule ule ina chini ya nusu ya nguvu ya gesi ya mtungi, na tundu la sasa litakupa moto wa kibatari.

Njia ya tatu ni waya, na hii umeshaitumia bila kujua. Kabla Bwawa la Nyerere halijawashwa mtambo wake wa kwanza Februari 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitoka kwenye mitambo ya gesi ya Dar, Kinyerezi na Ubungo. Taa yako ya Majengo ilikuwa inachoma gesi ya Songo Songo na Mtwara. Tatizo letu wa kaskazini ni kwamba tuko mwisho wa waya: umeme unaozalishwa kusini na pwani unapotea njiani, na mwaka 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda yetu, kwa kuwa njia ya kilovolti 400 inayopita Singida, Arusha na Namanga imeshaungana na Kenya. Wengi walikasirika, wakisema tuna bwawa letu na gesi yetu. Mimi naona ni hesabu ya kawaida ya umbali. Zambia na Msumbiji nao huuziana umeme na majirani kila siku na hakuna anayeona aibu.

Kuhusu kuwauzia wageni, ngoja niseme jambo moja la soko lenyewe, maana linagusa moja kwa moja matumaini tunayouziwa. Kwa dunia nzima biashara ya LNG ni kama tani milioni 400 kwa mwaka, kama asilimia 13 ya gesi yote inayochomwa. Ni sehemu ndogo, lakini ndiyo inayoweza kugeuza njia baharini, na kwa hiyo ndiyo inayopanga bei wakati wa shida. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na gesi ya bomba kupungua, Ulaya ilinunua kila meli iliyoonekana. Ujerumani, ambayo haikuwa na kituo hata kimoja cha kupokea LNG, ilifungua cha kwanza Wilhelmshaven Desemba mwaka huo huo. Pakistani, ambayo mitambo yake ya umeme ilishazoea LNG, ilitangaza zabuni Julai 2022 na hakutokea mzabuni hata mmoja. Watu wakakaa gizani kwenye joto kali. Ukiwa muuzaji, mwaka kama ule unajaza hazina. Ila Marekani, iliyoanza kuuza kutoka kiwanda chake cha Sabine Pass mwaka 2016 tu, sasa ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote, na Qatar inapanua mitambo yake ya LNG ya Ras Laffan. Sisi tutaingia sokoni tukiwa wageni, na gesi yetu ya kina kirefu si ya bei rahisi kuitoa. Naunga mkono mradi wa Lindi, lakini ningependa kuona bajeti ya nchi inayosimama hata bei ikishuka nusu.

Na kuna wanaosema tuiache ardhini kwa ajili ya tabianchi. Kwa umeme ule ule, gesi hutoa karibu nusu ya hewa ya ukaa ya makaa ya mawe, mradi methani isivuje, kwa sababu ikivuja inapasha dunia mara nyingi zaidi kuliko ikichomwa. Hoja yao ni ya haki kwa Ulaya. Kwa hapa, ambapo magunia ya mkaa bado yanashuka kutoka misituni kila asubuhi, sioni jiko la gesi, ya nje au ya ndani, kuwa adui.

Turudi kwenye oveni, ambayo ndiyo unayoweza kuamua wiki hii.

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nguvu ya takriban megajuli 46. Mtungi wako wa kilo 38 una kama uniti 485 za umeme ndani yake. Lakini oveni ya gesi ya kawaida hurusha joto jingi kupitia dohani. Tuseme nusu ndiyo inayofika kwenye mkate, yaani uniti 240 hivi. Oveni nzuri ya umeme, yenye kizuizi cha joto na mlango unaofunga sawasawa, hufikisha kama robo tatu. Kwa kazi ile ile itataka uniti 320. Chukua risiti yako ya LUKU ya mwezi uliopita, gawanya fedha yote uliyolipa, pamoja na kodi, kwa idadi ya uniti ulizopewa, kisha zidisha kwa 320. Ukipata kiasi kilicho chini ya bei ya mtungi mmoja wa kilo 38 hapo Moshi, umeme umeshinda kwa matumizi. Nadhani utashinda, ingawa si kwa mbali kama wauzaji wa oveni watakavyokuambia.

Kabla hujalipa, angalia mambo mawili. Oveni ya sinia nyingi huvuta kilowati nyingi kwa pamoja, na huenda ukahitaji umeme wa fezi tatu. Gharama za kuunganishiwa ziweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Na unga ukishaumuka hausubiri umeme urudi. Kwa hiyo ya gesi usiiuze. Ibakize na mtungi mmoja uliojaa, ibadilishe mpira ukianza kupasuka pasuka, na uiwashe mara moja kwa wiki ili ujue iko hai. Maharage na supu za mkahawa zihamishie kwenye presha kuka ya umeme kwanza, hata kabla ya oveni. Huko ndiko umeme unakoipiku gesi kwa mbali, na chombo chenyewe ni cha bei ndogo.

Mwite fundi umeme mwenye leseni akupimie mzigo na kukuandikia ni ampea ngapi laini yako ya sasa inahimili. Ukinitumia karatasi hiyo pamoja na maelezo ya oveni unayoitaka, nitakupigia hesabu ya ukubwa wa waya na swichi kabla hujatoa hela.